Historia ya Marehemu Wilfrido Cañete, Pamoja na Mwaka 1989

Ndugu, jamaa na majirani wa mtaa wa stesheni, mimi ni Zunilda, mtoto wa kwanza wa marehemu, na kabla sijaanza niseme wazi kwamba wadogo zangu walitaka mwaka 1989 niuruke, nami nimekataa, maana wengi wenu mnaujua kuliko sisi.

Baba yetu, Wilfrido Cañete, alizaliwa tarehe 9 Agosti 1934 hapa Villarrica, akasoma hadi darasa la sita, mwaka 1953 akaajiriwa stesheni ya reli kuwa mkata tiketi, na tarehe 22 Novemba 1958 akafunga ndoa na mama yetu, marehemu Eulogia, wakajaliwa watoto wanne.

Kila alasiri, treni ikishapita, baba alibeba kiti chake hadi kwa jirani yetu, seremala Crispín Ovelar, ambako mkewe, Ña Deolinda, aliwamiminia watu terere, kinywaji chetu cha majani na maji baridi, pembe moja ya kunywea na mrija mmoja kwa wote, kama tunywavyo sisi, na watu wakazungumza ya moyoni. Mwaka 1986 Crispín alichukuliwa na polisi, akarudi baada ya miezi saba na mikono isiyoweza tena kushika randa. Baba alimpa pole, akaendelea kuketi pale pale.

Februari 1989 mtawala wetu wa miaka thelathini na minne alipinduliwa, mtaa mzima ukacheza barabarani, na baba, Mungu wangu, akacheza kuliko wote. Zikaja kampeni, na tarehe 16 Aprili kiongozi wa hapa mtaani wa chama kile kile cha mtawala, akitafuta kura, alipanda jukwaani kuwashukuru waaminifu wake wa zamani, akasema, "Na mwenzetu Wilfrido, aliyekuwa akituletea maneno ya kwa Crispín," kisha akangoja makofi. Alidhani anamsifu! Hakuna aliyepiga.

Kesho yake baba alibeba kiti kama kawaida, uso mkavu, akaketi. Pembe ikazunguka, ikamruka, ikazunguka tena, ikamruka, ndipo Ña Deolinda akamwambia, "Wewe Wilfrido, hapa kwangu ulikuwa unakunywa kwa masikio. Beba kiti chako." Sisi wanawe tulikuwa tukichungulia uani, tukatamani ardhi ipasuke itumeze. Tangu siku hiyo baba alijimiminia mwenyewe, getini kwake, peke yake, hadi uzeeni.

Desemba iliyopita alipooza upande mmoja, ila ulimi ukabaki mzima, na madaktari wakaturuhusu tumrudishe nyumbani. Tarehe 11 Januari 2014 Ña Deolinda, sasa mjane, aliingia na pembe yake, akammiminia, akamshikia mrija, akasubiri, na sote mle chumbani tulijua anasubiri neno gani. Baba akanywa, akasema, "Asante," ambayo kwetu ukimwambia mmiminaji, umetosheka, asikumiminie tena. Ña Deolinda akajibu, "Haya," akaenda zake. Baba alifariki alfajiri iliyofuata, akiwa na miaka sabini na tisa.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, wenzake wa reli, na majirani mliokubali kubeba jeneza hili pamoja na hayo yote. Ña Deolinda, wewe peke yako sikushukuru, asante ulishapewa. Nakuomba msamaha kwa ajili ya mikono ya Crispín, mbele ya watu, na najua kazi hii haikuwa yangu, naona aibu kuifanya, lakini mwenyewe hakuifanya.

Baba, pumzika. Amani tutaiomba sisi, kwa jirani.