Mkono wa Mama Vifungo

Ndugu waombolezaji, mimi mdogo wake marehemu naomba utulivu kwa niaba ya familia, kwa kuwa dada mwenyewe hakuwahi kutulia.

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimwita Mama Vifungo, alizaliwa tarehe 9 Mei 1964, mtoto wa tatu wa fundi saa, akamaliza shule ya msingi mwaka 1978, akajiunga na chuo cha ushonaji, alikofukuzwa kwa ubishi na kurudishwa kwa sababu hata kufukuzwa alikubishia. Mwaka 1983 alifungua chumba chake cha cherehani nyuma ya duka la dawa, na tarehe 2 Agosti 1986 akafunga ndoa na seremala, ambaye tangu siku hiyo hajawahi kumkataza jambo akakatazika, wakajaliwa mabinti wawili.

Mwaka 2008 alishikwa na baridi yabisi, ugonjwa ambao kinga ya mwili inamgeuka mwenyewe na kushambulia viungo vyake, vidole vikapinda, mkasi ukamshinda, dawa zikabadilishwa mpaka tukachoka sisi, naye akaendelea kushona huku kitambaa amekikandamiza kwa kiwiko. Tarehe 12 Februari 2024 alipokelewa kwenye tiba ya majaribio, madaktari wakachukua seli za kinga kutoka kwenye damu yake, wakazifunda kwenye maabara ziziangamize zile zilizoasi, wakamrudishia, na ilipofika Julai alitunga uzi kwenye sindano mbele yetu, tukalia wote.

Sharti lilikuwa moja tu, kwamba asipokee wageni mpaka kinga yake ipate nguvu. Shemeji akabandika tangazo mlangoni, dada akalibandua, na ninyi, ndugu zangu, mlikuja, wa mafua mlikuja, wa kikohozi mlikuja, kila mmoja akitaka kuushika mkono ule aone kama kweli unafumba, naye hakumnyima mtu, akisema hakuponywa ili afungiwe ndani kama kabati la vyombo. Tulifoka, tukasihi, tukafoka tena. Homa ya mapafu ilimchukua tarehe 30 Oktoba 2024.

Tunawashukuru madaktari, waliosema wazi lakini hawakusikilizwa, mafundi wenzake waliomalizia nguo za wateja, na majirani kwa upendo wenu, ambao kwa kweli ungeweza kusubiri. Kipekee tunamshukuru muuza duka la dawa, aliyempungia mkono kila asubuhi kutoka nje ya dirisha bila kuingia, hata alipoitwa mwenye maringo. Gauni alilovaa binti yake mdogo leo, vifungo vyake vyote vimeshonwa na mkono ule.

Pumzika kwa amani, dada, na safari hii hata ukiita, hatumfungulii mtu.