Filamu Isiyoonyesha Adui

Ndani ya taksi-bisi iendayo kambi ya wakimbizi ya Mugunga, mwalimu Lucie alijifanya anatazama nje, kumbe masikio yote yako kiti cha nyuma. Kijana mwenye banda la video kule Majengo alikuwa anaiponda filamu ya watu wa kutoka angani.

"Wenye kuitengeneza walikosa feza, mama. Filamu yote watu wanashukiana tu ndani ya nyumba, wanamufukuza mwenzao, na ule mutu wa angani haonekane hata mara moja!"

"Njo vile inakuwaka," mama aliyeketi kando yake akakubali polepole. "Kwetu Masisi, wakati wa vita, waliiba ngombe za kila mutu, za jirani yetu Baharanyi zikabakia. Tukasema ni yeye anawaleta wezi. Tukamufukuza. Wale wezi wenyewe, hakuna mwenye aliwaona."

Kijana, ambaye Lucie alimwona mtu wa kupima filamu kwa lita za damu, akamgeukia.

"Na ilikuwa yeye?"

Gari likasimama kambini. Mama akashuka, akajitwika mfuko wake wa makaa.

"Sijue, papa. Sasa hapa kambini, hema yake inatazamana na yangu. Kila asubuhi, ni yeye ananisalimiaka wa kwanza."