Ndugu Torgny na Kura Aliyoifuata kwa Gari

Baada ya miaka thelathini na minane ya kulitumikia tawi la chama chetu hapa Smedhult, Ndugu Torgny Kvarnlund atastaafu rasmi tarehe 31 Desemba. Nimeombwa niandike maneno matamu juu yake. Nitajitahidi, ingawa mwaka huu amenichosha kupita kiasi.

Torgny alitoka kwenye tanuri la kiwanda cha chuma, akawa katibu wa tawi na msimamizi wa Jumba la Umma, ukumbi wetu wa mikutano. Wafanyakazi walilijenga wenyewe kwa hisa, enzi ambazo hakuna tajiri aliyekubali kuwakodisha ukumbi wa kukutania. Humo walisomeshana na kudai haki ya kupiga kura. Baadaye chama chetu cha demokrasia ya kijamii kikaongoza nchi zaidi ya miaka arobaini mfululizo, hata wajukuu wao wakaona pensheni na likizo yenye malipo ni vitu vya kawaida kama theluji. Torgny alimweleza kila mwanachama mpya historia hiyo tangu mwanzo, bila kuruka hata kipengele. Mimi nimeisikia hadi naiota.

Kwake hakuna uamuzi kabla ya kahawa, wala kahawa kabla ya kila mtu kusema. Tuliwahi kujadili rangi ya mapazia majira yote ya baridi kwa sababu mjumbe mmoja alikuwa na dukuduku. Mapazia hayakununuliwa.

Kiwanda kilipofungwa, wengi walituhama. Sixten Hedbom, dereva wa kreni, alirudisha kadi yake akiwa amefura, akajiunga na wale wanaosema wageni ndio chanzo cha kila shida. Torgny hakuacha kumtembelea.

“Huyu ametuhama!” nilimwambia.

“Amehama chama, Ingegerd. Mtaa hajahama.”

Mwezi Machi kampuni moja ilitaka kulinunua Jumba iligeuze ghala. Niliapa halitauzwa nikiwa mwenyekiti. Wenye hisa wote walikuwa na haki ya kupiga kura, waliotuhama wakiwemo. Nilipiga hesabu: Sixten asipokuja, kura zitalingana, na mwenyekiti ndiye atakayeamua. Naye Sixten hakuwa na habari, kwani barua ya mwaliko aliitupa pamoja na matangazo ya maduka.

Torgny akampigia simu. Goti la Sixten lilikuwa linamsumbua, basi Torgny akamfuata kwa gari, akamshika mkono kwenye barafu, akamkalisha mstari wa mbele.

“Una wazimu wewe?” nilimnong’oneza.

“Ana hisa ya babu yake. Babu yake alibeba matofali haya.”

Tulishindwa kwa kura moja. Nilitoka nje nikalia. Torgny aliandika matokeo, akaosha vikombe, akamrudisha Sixten nyumbani.

Sikusema naye hadi baada ya Pasaka. Jumba sasa limejaa matairi, na kikundi chetu cha kujisomea kikakosa pa kukaa. Ndipo Sixten alipompigia Torgny simu: jiko lake ni kubwa, naye anaishi peke yake. “Ila msinihubirie,” akaonya.

Basi kila Jumatatu tuko kwake. Sixten anabisha kila kitu, hasa habari za wageni. Torgny anampa zamu yake ya kusema, nami nasaga meno. Wiki iliyopita nilimkatiza Nadira, muuguzi aliyetoka Aleppo, kwa haraka zangu. Sixten akagonga meza.

“We Ingegerd, subiri! Zamu yake hii.”

Torgny alinitazama tu, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi.

Asante, Torgny. Umetupotezea jumba na bado sijakusamehe. Ustaafu wako uwe mwema na mrefu, wenye afya na kahawa isiyokauka. Lakini Jumatatu uje, tafadhali. Usipokuja, Sixten ndiye atakayeongoza mkutano, na naogopa ataongoza vizuri.

Ingegerd Falkmo,
Mwenyekiti wa Tawi