Debe la Maji la Mama Kaltumi

Wasikilizaji wapendwa, kama una sufuria jikoni, punguza moto kidogo uje ukae nasi. Leo tunamkumbuka mpishi. Jina lake ni Kaltumi Taban. Mama Kaltumi alizikwa Ijumaa iliyopita pale Kibuli, akiwa na miaka themanini na minane. Alikuwa Mnubi, mjukuu wa askari aliyeletwa kutoka Sudan, mjane wa dereva Jafar. Kwa miaka ishirini na moja aliwapikia polisi katika kambi moja hapa Kampala.

Mama Kaltumi hakuwa mtu wa kuamini upesi. Ukimwambia mvua inakuja, anatoka nje kuangalia mawingu mwenyewe. Nyumbani kwao, anayeleta chakula huonja kwanza mbele ya mgeni, ndipo mgeni naye anakula. Mama Kaltumi aliichukua desturi hiyo akaipeleka katika kila jambo la tumbo. Binti yake Faridah anakumbuka: "Nikileta habari ya chakula kutoka shule, Mama anauliza, huyo mwalimu wako, yeye mwenyewe anakula hivyo?"

Sasa turudi mwaka 1974. Wanajeshi ndio wanatawala. Watu wanazungumza huku jicho moja liko mlangoni. Kambini ikaja amri: askari mwenye tumbo hatakiwi. Baada ya wiki sita kila mtu atapimwa uzito mbele ya wakubwa, na atakayezidi atafukuzwa. Wiki sita tu. Na kufukuzwa siku zile, hasa kwa mtu wa kaskazini, ambaye utawala ulimshuku, hakukuwa kurudi kijijini kulima. Wengine walifukuzwa na kijijini hawakufika.

Basi kambi nzima ikageuka hospitali, kila mtu daktari. Huyu anasema kunywa siki. Yule anasema kimbia umevaa koti la mvua. Mmoja amesikia kwamba ndizi mbivu zinaongeza tumbo, jirani yake amesikia kwamba zinalipunguza, na wote wawili wameapa. Konstebo Okullo, kijana wa Kitgum huko kaskazini, alijaribu siki kwa siku tatu. Leo ni mzee, na bado anacheka akisimulia. "Tumbo ilibaki pale pale," anasema. "Koo ndiyo ilikwisha."

Mama Kaltumi aliwasikiliza wote huku anakoroga maharage. Hakubisha. Aliuliza swali moja tu: nani amekula hivyo mbele yako, ukamwona amepungua?

Wiki ya pili akaja Cleopas. Alivaa suti, akashuka garini na mizani, makopo ya unga wa kijani na bahasha kubwa ya karatasi. Alisema ametumwa kuwasaidia askari. Nani kamtuma, hakusema, na wakati ule hukuuliza. Akaweka mizani yake pale bwaloni, askari wakapanda mmoja mmoja. Kila aliyepanda amezidi. Hata konstebo mmoja mwembamba, ambaye mkanda wake ulikuwa umetobolewa matundu mapya mara tatu, naye aliambiwa ana mafuta mengi.

Hapo Mama Kaltumi akaacha mwiko.

Wasikilizaji wapendwa, jikoni kwake palikuwa na debe. Debe la galoni nne. Likijaa maji, ni ratili arobaini na kidogo. Kila askari aliyewahi kuadhibiwa alilijua debe hilo kwa mabega yake, maana adhabu ilikuwa kuchota maji. Cleopas alipokwenda kula, Mama Kaltumi akalijaza, akalipandisha juu ya mizani. Mshale ukasimama kwenye hamsini na tano. Akalishusha, akapanguza maji yaliyomwagika, akarudi kwenye maharage yake. Mizani ilikuwa ya uongo.

Cleopas aliporudi, Mama akamfuata na kijiko. "Bwana mkubwa, hii unga yako, wewe onja kwanza, mimi naangalia."

"Mama, hii iko ya askari tu," Cleopas akajibu. Wakati huo vifungo vya suti yake vilikuwa vinaomba msaada.

Ikabaki bahasha. Kila anayetaka unga alijaza karatasi. Jina. Kijiji. Uzito. Halafu majina ya kaka na dada zako wote, na kila mmoja anaishi wapi, ndani ya nchi au nje. Cleopas alieleza vizuri sana. Alisema unene unatembea na ukoo, kwa hiyo daktari lazima aujue ukoo. Ilisikika kama elimu. Mama Kaltumi aliisoma karatasi ile polepole, kidole chini ya kila neno. Huyu hapimi matumbo, alijiambia. Huyu anatafuta ndugu za watu.

Sasa amwambie nani? Kikulacho ki nguoni mwako, na kambini nguo zilikuwa nyingi. Neno moja likifika pabaya, Jafar angebaki na watoto peke yake. Alimwambia mtu mmoja tu, Okullo, kwa sababu Okullo alikuwa amekula nyumbani kwake Kibuli, na siku Faridah alipougua, yeye ndiye aliyembeba mgongoni mpaka hospitali.

"Alikuwa anakata vitunguu," anasema mzee Okullo. "Hakuniangalia. Akasema, mwanangu, hiyo karatasi usiguse. Mizani yake nimepima na debe, inadanganya. Wewe kula nusu ya posho, huo ugali, maharage kama kawaida, mboga jaza sahani, samli acha. Na utembee. Mimi pia nakula hivyo. Kama mimi sipungui, wewe acha."

Na kweli alikula hivyo, wiki zote. Kila Jumapili walikwenda kwa mfanyabiashara mmoja wa kahawa, ambaye mizani yake ilikuwa imefaulu mtihani wa debe. Wakapima, Mama kwanza, Okullo baadaye. Walikuwa wanapungua kidogo kidogo, ratili mbili, ratili moja.

Lakini kulikuwa na Fabiano.

Konstebo Fabiano alikuwa kijana mkimya. Mwezi ule alianza kuonekana na viatu vipya, vya kisigino kirefu, vya bei. Na nani alivaa viatu vile Kampala? Walivaa wale wapelelezi wa serikali, watu wa miwani nyeusi, wanaokuja na gari kumchukua mtu mchana kweupe. Mama Kaltumi aliviona viatu. Kuanzia siku ile Fabiano akiingia jikoni, Mama anatafuta la kufanya nje.

Alasiri moja jiko likiwa tupu, Fabiano akaja. Akasimama mlangoni, kofia mkononi.

"Mama, nisaidie. Hii dawa ya Cleopas iko mzuri? Nijaze karatasi?"

Mama Kaltumi aliangalia viatu. Akafikiri, huyu ametumwa kunichokonoa. Nikisema ni mbaya, kesho gari liko hapa.

"Mimi hapana jua, mwanangu," akasema. "Mimi napika tu."

"Lakini wewe ndiyo unajua mambo ya chakula."

"Mimi napika tu."

Fabiano akasema asante, Mama. Akaenda akajaza karatasi.

Wiki tatu baadaye, Jumanne, gari likaja. Waliitwa watu wanne, na wote wanne walikuwa wamejaza karatasi ya Cleopas. Fabiano alikuwa wa tatu. Hawakurudi, na Cleopas naye hakuonekana tena. Jumamosi yake askari waliobaki wakapimwa. Okullo alipita. Walipompigia makofi alitazama upande wa jikoni, akakuta mlango umefungwa, Mama amejifungia ndani.

Mwaka 1980, utawala ule ukiwa umeshaanguka, mwanamke mmoja alibisha hodi Kibuli. Ni Akidi, mama yake Fabiano, ametoka kaskazini, anazunguka kuuliza kila aliyemjua mwanawe. Faridah alikuwepo. Alikuwa ameweka gurusa, ile mikate yao ya kumimina, na chai. Mama Kaltumi akaonja kwanza, kama desturi. Halafu akasema yote: debe, karatasi, mlango wa jiko, na lile jibu lake. Akasema, "Niliogopa viatu vyake."

Akidi aliweka kikombe chini.

"Vile viatu ilikuwa ya kaka yake," akasema. "Alikimbia kwenda Tanzania, akaacha nyumbani. Fabiano alisema atavaa ili isioze."

Kaka yake. Yule ambaye Fabiano alimwandika kwenye karatasi: yuko Tanzania, kwa maadui wa utawala.

Faridah anasema alitegemea Akidi ainuke aondoke, au alaani. Badala yake Akidi aliinua kikombe. "Kumbe alikuja kukuuliza," akasema. "Mimi nilikuwa nafikiri mwanangu hakuwa na mtu hapa wa kumwamini."

"Afadhali angenipiga," Mama Kaltumi alikuwa akisema, mpaka uzee wake. Aliyasema maneno hayo mara nyingi. Na tangu siku ile, yeyote aliyebisha kwake akiwa na swali, juu ya unga wa kupunguza mwili, juu ya vidonge, juu ya chai za kusafisha tumbo zinazouzwa sokoni Bukoto, alijibiwa papo hapo. Mgeni asiyemjua, mwenye viatu vyovyote. Anayemjua, asiyemjua, alijibiwa.

Kwa Faridah, kwa wajukuu, kwa mzee Okullo na kwa jamaa wote wa Kibuli, tunawapa pole kutoka moyoni. Mwenyezi Mungu amrehemu mama yetu. Na kwa ukoo wa Akidi huko kaskazini, kama redio hii inafika, pole yetu iwafikie pia, ingawa imechelewa miaka hamsini.

Wasikilizaji wapendwa, tunafundishwa kwamba asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Fabiano aliuliza. Kwa hiyo pima, usiamini ovyo, mwambie mwenye dawa aonje kwanza. Lakini ukishapima, ukajua, na mtu akasimama mlangoni kwako kofia mkononi, mjibu. Debe lile la kambini Mama Kaltumi aliondoka nalo, na bado liko kwake Kibuli, karibu na mlango. Faridah anasema mama yake alilijaza maji kila asubuhi, na hakuruhusu mtu apike nayo, maana yalikuwa ya kupimia, mtu akibisha na swali.