Wasifu wa Mwalimu Aliyefichwa Sherehe Yake

Unasomwa na mdogo wake, fundi cherehani, kwa niaba ya familia.

Marehemu, ambaye majirani, mume wake na hata ndugu zake wa tumbo moja walimwita Mwalimu tu, alizaliwa tarehe 14 Aprili 1951 katika nyumba za wafanyakazi wa reli. Baba yake alikuwa akishusha na kupandisha kizuizi cha barabarani treni ikipita. Alikuwa mtoto wa pili kati ya wanne. Mama yao alisimulia kwamba Mwalimu alianza kuongea kabla ya kutembea, na alipopata miguu alikwenda moja kwa moja hadi kwenye kizuizi kuwauliza watu waliosimama pale wanatoka wapi. Baba alimrudisha ndani, akatoka tena.

Alianza shule ya msingi mwaka 1958, akaendelea na sekondari ya bweni ya wasichana mwaka 1965, kisha akahitimu chuo cha ualimu mwishoni mwa mwaka 1971. Lakini kufundisha alikuwa ameshaanza zamani. Mdogo wake alijifunza herufi nyuma ya mlango wa jikoni, zimeandikwa kwa mkaa, na kila alipokosea alikula konzi. Yalikuwa makonzi ya upendo, lakini yalikuwa makonzi.

Januari 1972 aliajiriwa katika shule ya msingi iliyo nyuma ya kiwanda cha sabuni, na hapo alifundisha darasa la tatu mpaka alipostaafu Juni 2011. Alipelekwa semina, akaahidiwa vyeo, akarudi darasani kwake. Alikuwa na utaratibu ambao kila aliyepita mikononi mwake anaujua: asubuhi alisimama mlangoni, na hakuna mtoto aliyeingia kabla ya kumweleza jambo moja aliloliona njiani. Kwake mtoto asiyesema alikuwa mgonjwa au ana njaa, na alitaka kujua ni lipi kati ya hayo mawili. Siku moja mwanafunzi ambaye wenzake walimwita Kelele alisema hakuona kitu. Mwalimu alimrudisha getini akaangalie upya. Kelele akaja na habari ya mbuzi anayetafuna kaptura iliyoanikwa. Darasa lilivunjika mbavu, na walicheka zaidi ilipobainika kwamba kaptura ilikuwa ya mwalimu mkuu.

Tarehe 18 Desemba 1976 alifunga ndoa na fundi redio. Redio ya shule iliharibika, Mwalimu akaipeleka dukani kwake. Ikapona, ikaharibika tena baada ya siku chache, ikapelekwa tena. Mara ya tatu Mwalimu aliiweka mezani akasema, "Fundi, ama redio ipone, ama useme unachotaka." Fundi akasema. Redio hiyo haikusumbua tena. Walijaliwa watoto wawili, binti ambaye ni nesi na mwana ambaye ni dereva wa lori.

Ugonjwa wa moyo ulimwanza mwaka 2022. Miguu ilivimba, pumzi ikawa fupi, ikafika mahali hawezi kuvuka geti la nyumba yake. Alikaa barazani kwenye kiti cha chuma, akiangalia barabara. Hakulalamika sana, kwa sababu watu walikuja. Wanafunzi wake wa zamani, hasa wale wa mwaka 1986, walipita na mikate, na watoto wao, na maneno ya mjini. Daktari alimpa vidonge, lakini familia inajua ni kitu gani kilikuwa kikimwinua asubuhi.

Sasa hapa familia iliombwa iseme kwa kifupi. Haitasema kwa kifupi.

Kuanzia Februari mwaka huu hakuja mtu. Barabara ilikuwa ileile, geti lilelile, na Mwalimu kwenye kiti chake. Wiki ya kwanza alisema wana kazi. Mwezi uliofuata akamwambia mume wake awapigie simu. Mmoja akajibu, "Samahani mzee, niko kwenye kikao." Mwingine akakata. Wa tatu simu yake iliita mpaka ikachoka. Mwalimu akaanza kujichunguza. Alimwita mdogo wake akamuuliza, "Hivi niliwahi kumwonea nani?" Akaanza kuwataja watoto aliowakaripia, aliowasimamisha nje, aliowarudisha getini. Mwanamke wa miaka sabini na mitatu, mgonjwa, anawaomba msamaha watoto wasiokuwepo kwa makosa asiyoyakumbuka vizuri. Mdogo wake alirudi kwenye cherehani yake na sindano ikamchoma kidole.

Mwezi wa Septemba mguu wa kile kiti ulikatika. Mzee alikibeba hadi kwa Kelele, ambaye siku hizi ni fundi wa kuchomelea mageti. Kelele alikishika kile kiti, akauliza kwa sauti ya chini, "Mwalimu hajambo?" Mzee akamjibu, "Yupo. Anauliza kama mlikufa wote." Kelele alizima mashine. Alikibeba kiti hata rangi haijakauka, akaja nacho mpaka barazani, akapiga magoti akasema kila kitu.

Kumbe kulikuwa na sherehe. Darasa la mwaka 1986 lilikuwa limetafutana miji yote, likakusanyika katika kundi la wasapu, na likaamua kumfanyia Mwalimu mshangao: ukumbi, keki, fulana zenye picha yake, tarehe 30 Novemba. Na ili mshangao usiharibike, yule aliyekuwa kiranja wao, ambaye sasa ni meneja wa ofisi ya bima, alipitisha agizo kwamba asionekane mtu kwa Mwalimu wala asipokee simu yake, asije akamwaga mtama. Wote wakakubali. Watu wazima, wengine wana wajukuu, walikaa wakaona hilo ni jambo la akili. Walimpenda mtu kiasi cha kumkimbia. Watoto aliowazoeza kusema kila asubuhi walikubaliana kufunga midomo.

Mwalimu alicheka mpaka akakohoa. Alipomaliza kukohoa hakuwa anacheka tena. Alisema, "Waambie mshangao nimeshaupata. Waje kesho, waje mikono mitupu. Novemba ni yao, mimi sijui kama ni yangu."

Kelele aliufikisha ujumbe. Kiranja alimjibu kwamba ukumbi umeshalipiwa na tarehe haibadiliki, Mwalimu avumilie kidogo. Kisha akamtoa Kelele kwenye kundi na kuwatangazia wengine kwamba Kelele anatania kama kawaida yake, Mwalimu hajui lolote. Wakaamini, kwa kuwa kuamini kulikuwa rahisi kuliko kuja. Kuanzia siku hiyo Mwalimu aliomba avalishwe kila mchana gauni la bluu aliloshonewa na mdogo wake, achanwe nywele, atolewe barazani. Kelele alikuja kila alipofunga karakana. Wengine hawakuja. Mwalimu alisema, "Wana aibu, wataizoea." Familia inataka ijulikane kwamba aliwasamehe siku ileile aliyoambiwa. Mdogo wake bado.

Alizidiwa tarehe 7 Novemba, akalazwa, na akafariki asubuhi ya Jumamosi tarehe 9 Novemba 2024, mume wake akiwa amemshika mkono na binti yake akiwa pembeni.

Leo wanafunzi wamekuja, basi zima, wamevaa zile fulana. Kiranja ameomba dakika kumi za kusema jinsi Mwalimu alivyowagusa maisha yao. Familia imekataa. Alikuwa na masikio mazima mpaka siku ya mwisho, na maneno hayo yalikuwa na miezi tisa ya kufika. Hakuna anayesema mlikuwa na nia mbaya. Mngekuwa na nia mbaya tungewafukuza tukalala usingizi. Mlikuwa na nia nzuri, ndiyo maana inauma hivi.

Mwalimu ameacha binti, mwana, wajukuu watano, kaka mmoja, na mdogo wake anayesoma hapa. Ameacha wanafunzi ambao hata familia haijui idadi yao. Apewe pumziko jema, yeye aliyesimama mlangoni miaka yote hiyo.

Ameacha pia mume, fundi redio mstaafu, huyu aliyekaa mstari wa mbele. Moyo wake nao si mzima. Kuanzia kesho atakuwa peke yake barazani. Msikae vikao juu yake, msimchapishie fulana, msimpangie tarehe. Nyumba mnaijua. Njooni tu.