Kulia, Kushoto, Kulia: Wasifu wa Bi. Chizuru Okabe

Tafadhali, ukimaliza kusoma ukurasa huu, ukunje uutie mfukoni. Usiupige picha, usiutume kwenye kundi lolote la simu, usimsomee mtu asiyefanya kazi hapa. Wasifu uliosomwa kwenye hafla ya kumuaga, Alhamisi, ulikuwa nusu tu ya huu. Nusu ya pili ilikatwa na meneja wetu kwa kalamu nyekundu mbele ya macho yangu, na mkataba wangu unaisha Septemba.

Bi. Chizuru Okabe anastaafu tarehe 30 Juni baada ya miaka ishirini na miwili ya utumishi katika kaunti hii, minane akiwa Ifo, kambi ya wakimbizi, na iliyobaki hapa mjini Garissa, katika kituo chetu cha tiba ya viungo. Kazi yake ilikuwa kuwafundisha watu kutembea upya.

Alipofika Ifo kutoka Japani alikuta viti vya magurudumu vikizama mchangani na wenyewe wakivikalia kivulini kama samani. Akashinda gereji kwa Liban, fundi wa pikipiki, mpaka vikafungwa matairi mapana. Mafuriko yalipokata barabara ya Madogo, alivuka kwa boti amekumbatia fungu la mikongojo, na abiria wakamuuliza anauza bei gani. Mwaka wake wa kwanza alikunywa chai bila sukari. Akina mama wa wodini waliamua kwamba ni mgonjwa na wakaanza kumwombea dua, naye akaanza kutia sukari ili wapumzike.

Hapo ndipo wasifu wa Alhamisi ulipoishia. Yafuatayo ndiyo yaliyokatwa.

Kijijini kwao, milimani, Bi. Chizuru alicheza kagura tangu utotoni. Hiyo ni ngoma takatifu ya Wajapani, wanayoitoa mbele ya hekalu kwa miungu wanayoiamini wao. Wasichana huvaa nyeupe na nyekundu, na mkononi hushika mpini wenye vikengele vidogo vilivyopangwa tabaka tatu. Si ngoma ya kurukaruka. Mchezaji huzunguka taratibu kulia, kisha kushoto, kisha kulia tena, na uzito wa mwili huhama kutoka mguu hadi mguu bila haraka.

Miaka sita iliyopita aligundua kwamba mgonjwa wa kiharusi, ambaye mguu wake haumsikii akiuamuru, mara nyingi huusogeza akisikia vile vikengele. Akaanzisha darasa katika ukumbi wetu. Kanuni ilikuwa moja: fanyeni kila ninachofanya. Ayeyo Hadiyo, yaani Bibi Hadiyo, aliyekulia nyuma ya ngamia huko Balambala na aliyeletwa kwetu amebebwa kwenye blanketi, alimaliza mwaka akienda msalani peke yake. Mwenyewe alisema hiyo ndiyo heshima aliyokuwa ameipoteza, na hakutaka kuzungumzia nyingine.

Tatizo lilikuwa mwisho wa zoezi. Kagura humalizika kwa kuinama. Bi. Chizuru aliinama bila kufikiri, kama alivyofanya tangu akiwa mtoto, akielekea dirishani. Wagonjwa, waliofundishwa kufuata kila kitu, nao waliinama. Nje ya dirisha hilo kuna tangi la maji.

Abdinoor, mwanawe Hadiyo, mfanyabiashara wa mifugo, alikuja siku moja mwaka huu kumchukua mama yake mapema na akayaona hayo kwa macho yake.

"Mnamfundisha mama yangu kusujudia tangi?" aliuliza.

Mzee Dekow, aliyekuwa mchinjaji kabla ya kiharusi, alijaribu kupoza mambo. "Tangi lenyewe lina mwaka halijatupa maji," alisema. Hakuna aliyecheka. Abdinoor alimbeba mama yake hadi garini. Jioni hiyo picha za video ambazo mtu mwingine alikuwa amezichukua zilikuwa zimeenea mjini, na sijui mpaka leo ni nani aliyezichukua.

Sheikh Mustaf, imamu wa msikiti ulio jirani nasi, alikuja kesho yake. Alikuja peke yake, akakubali kiti, akauliza habari za wagonjwa mmoja mmoja. Meneja wetu alikuwa amemwomba Bi. Chizuru aseme ni mazoezi ya kawaida ya hospitali, basi. Nami nilikuwa nimesimama mlangoni nikimwomba Mungu Bi. Chizuru aseme hivyo.

"Mama, nakuuliza kwa heshima," alisema Sheikh. "Hii ni ibada au si ibada?"

Bi. Chizuru alijibu, "Kwetu ni ibada, Sheikh. Hapa nilileta hatua zake tu. Lakini ile ya kuinama, nilisahau kuiacha nyumbani."

Sheikh alimwambia kwamba amesema kweli, na kwamba angetosheka ikiwa kuinama kutaondolewa na vikengele vya hekaluni visitumike tena kwa Waislamu. Zaidi ya hapo hakutaka. Lakini kufikia adhuhuri meneja alikuwa ameufunga ukumbi kwa kufuli, na tarehe ya kustaafu, iliyokuwa Desemba, ikasogezwa hadi Juni. Simlaumu sana. Simu yake haikuacha kulia siku ile, na alikuwa na hofu kama niliyo nayo mimi sasa ninapoandika.

Tangu ukumbi ufungwe, Mzee Dekow hajatoka kwake. Ayeyo Hadiyo alirudi kitandani, mguu ukaanza kukakamaa. Mwanawe alimnunulia kitembezi kipya, kile cha chuma cha kujishikiza, kutoka Nairobi. Kimebaki ukutani, na juu yake zimeanikwa nguo.

Wiki iliyopita Bi. Chizuru alikwenda kumuaga Hadiyo nyumbani kwake, nami nikatumwa kumsindikiza. Hadiyo alimwomba amwachie vikengele. Bi. Chizuru alikataa, akilia: vilitolewa hekaluni na lazima virudi huko. Akamweleza kwamba hata kule hakuna tena wa kucheza naye, kwa kuwa vijana wamehamia mijini na mpiga ngoma wa mwisho amefariki. Ukumbi wetu, alisema, ulikuwa na watu wengi kuliko hekalu lao.

Hadiyo akamwita Abdinoor na kumwambia akamfungue ngamia mzee koor, ile kengele ya mti inayofungwa shingoni mwa ngamia ili asipotee. Abdinoor alituangalia sisi wote, akaenda. Aliporudi, Bi. Chizuru alimwonyesha jinsi ya kuitikisa. Sauti yake ni nzito na butu, haifanani kabisa na ile ya vikengele. Tukamsimamisha Hadiyo; mguu wake ulisubiri, ukasubiri tena, kisha ukasogea. Kulia, kushoto, kulia. Abdinoor alikuwa amekaza macho kwenye mguu huo, na mkono wake ukaanza kwenda mbio.

"Polepole, wewe," Hadiyo alimwambia. "Mimi si ngamia."

Walipomaliza, hakuna aliyeinama. Bi. Chizuru alisimama wima, mikono nyuma, viganja vimeshikana kwa nguvu.

Bi. Chizuru, asante kwa kila mtu uliyemsimamisha. Mungu akufikishe salama, na huko uzeeni usikose wa kuzunguka naye.

Nanyi wenzangu: koor ya kina Abdinoor inatosha ua mmoja tu, na wagonjwa wetu wametawanyika mji mzima. Mwenye koor asiyoitumia, au anayejua mgonjwa aliyerudi kitandani, asinipigie simu. Aje kwenye dirisha la kadi ninapokaa, baada ya swala ya adhuhuri, meneja akiwa amekwenda kula, aulize maziwa ya ngamia yanauzwa wapi. Hakuna mtu wa Garissa asiyejua, kwa hiyo nitaelewa, na nitatoka nje kumwonyesha njia. Akimkuta mtu mwingine dirishani, aombe maji ya kunywa, ashukuru, aende zake.