Chuma Kilichoonekana Ndani ya Tian Yuexiu

Mheshimiwa Naibu Mkuu wa Wilaya, uliyekubali kupanda milima yetu na mvua hii. Mkurugenzi wa hospitali yetu ya tarafa. Wazee na viongozi wa vijiji. Madaktari na wauguzi wenzangu. Kina mama wa Maping mliotembea tangu alfajiri. Na wewe, Daktari Ou Wenlan, tunayekuaga leo ukiwa umekalishwa kwenye kiti cha mbele ambacho najua hukitaki: nawaamkia wote kwa heshima.

Mimi ni Xiang Dekun, mtu wa mashine ya eksirei. Mke wangu, aliyekaa pale karibu na mlango, amenionya nisizungumze mambo ya wanawake mbele ya wakubwa. Nimemwuliza, sasa nitamsifuje daktari wa wanawake bila kuyataja? Akasema, basi yataje kwa adabu. Nitajitahidi.

Vijana mliozoea mashine mpya hamuijui ile ya zamani. Mgonjwa alisimama nyuma ya kioo, tukafunga mapazia, tukazima taa, tukakaa kimya mpaka macho yazoee giza. Kisha nikabonyeza, na mtu mzima aliyeingia na shati lake na aibu zake akageuka mbavu na uti wa mgongo, kijani hafifu, mbavu zikipanda na kushuka. Nilifanya kazi hiyo ujana wangu wote na sikuwahi kuizoea.

Ulikuwa mwaka wa tisini na saba, baridi inaanza, Tian Yuexiu aliposhuka kutoka kijiji cha Maping. Leo yuko nasi, na amenipa ruhusa kusema haya. Hakuja kutibiwa. Alimwomba Daktari Ou dawa ya kulala mchana kutwa.

"Ya siku gani?" Daktari akauliza.

"Kesho. Kesho wanamfukua mwanangu, na sitaki kusikia jembe."

Je, ninyi mngefanya nini? Wengi wetu tungempa vidonge viwili tukamwita mgonjwa anayefuata. Daktari Ou alifunga mlango, akamsogezea kiti karibu na jiko la makaa, akasubiri.

Yuexiu alikuwa na binti mmoja, Lanzi, aliyekufa kwa homa akiwa na miaka minne. Watu wa serikali wa mpango wa uzazi, waliohesabu watoto wa kila nyumba, walimruhusu azae mwingine, lakini miaka ikapita na mimba haikuingia. Na damu yake ya mwezi ilikuwa nyingi kupita kiasi, hata mkeka ulilowa. Mama mkwe wake, Bibi Qin, alitoa maelezo yake: Lanzi hataki mdogo wake azaliwe, amekaa mlangoni, na kila mwezi anainywa ile damu. Yuexiu mwenyewe aliamini, kwa sababu alimsikia. Kila damu ilipokaribia, kilisikika kitu kikigonga kizingiti, chini kabisa, pale mkono wa mtoto unapofika. Alikuwa akiweka kibakuli cha wali na kipande cha nyama ya kukausha kwa moshi. Asubuhi kibakuli kilikuwa kitupu. Sasa mganga ameamua mifupa ifukuliwe na kutupwa mtoni, ili mlango ufunguke.

Daktari hakucheka. Aliuliza, "Damu inakuja kila mwezi bila kukosa?"

"Bila kukosa."

"Basi mlango wako haujafungwa, mdogo wangu. Nisikilize. Kila mwezi mwili wako unakomaza yai moja. Huku nyuma mji wa mimba unatandika kitanda kwa ajili ya mgeni, kitanda cha damu. Yai likikutana na mbegu ya mume, mgeni analala hapo. Wasipokutana, kitanda kinatanduliwa, na hiyo ndiyo damu unayoiona. Hakuna anayeinywa. Ni matandiko tu."

"Na mbona matandiko yangu ni mengi hivyo?"

"Hapo ndipo na mimi ninapojiuliza. Ulipojifungua Lanzi, walikufanyia nini?"

Alijifungulia kwenye kliniki moja ya bondeni ambayo leo haipo tena. Uchungu ulikuwa mzito, akapigwa sindano, akazimia. Alipoamka tumbo lilimuuma kwa namna nyingine, na hakuna aliyemwambia neno.

Daktari alimpima kwa mkono, hakuhisi kitu. Hedhi ilikuwa imekatika juzi yake tu, kwa hiyo hapakuwa na hofu ya mimba. Akamleta kwangu.

Tulizima taa. Daktari alisimama ubavuni mwa Yuexiu, amemshika bega. Nilibonyeza. Nyonga zikatokea, mfano wa bakuli kubwa lililopasuka, na katikati ya bakuli, peke yake, duara jeusi. Duara kamili. Ndugu zangu, mwilini mwa binadamu hakuna kitu cha duara kamili kiasi kile. Yuexiu alipumua na lile duara likatikisika kidogo, kama linajibu.

"Ni yeye?" aliuliza gizani, ameinamia kioo.

"Si yeye," Daktari akasema. "Ni kitanzi. Pete ya chuma. Waliitia siku ile umelala."

Nilipiga picha. Ilikuwa bado inachuruzika maji ya kuisafishia tulipoanza kupanda kwenda Maping sote watatu, kwa maana Yuexiu alisema hawatangoja kesho wakijua ameshuka hospitali.

Hawakungoja kweli. Tuliwakuta juu ya kilima nyuma ya nyumba. Mganga alikuwa ameshachinja jogoo, na Peng Changfu, mume wa Yuexiu, alikuwa na jembe mkononi na udongo mbichi kwenye viatu. Kaburi la mtoto kwetu halina tuta. Walikuwa wamelitambua kwa jiwe tu.

Daktari hakupiga kelele. Aliinua ile picha, mwanga wa jua ukapita ndani yake.

Bibi Qin akasogea. "Huyu mfu ni nani?"

"Si mfu, Bibi. Ni mkaza mwanao, asubuhi ya leo."

Bibi akaliwekea kidole lile duara, akalifuata mzunguko wake taratibu. "Mnaona? Hiyo ndiyo pingu. Mtoto amemfunga mama yake pingu."

Watu wakarudi nyuma. Nawaambia ukweli, na mimi nilirudi nyuma.

"Bibi," Daktari akasema, "mtoto wa miaka minne hafui chuma. Hiki wamekitia watu wazima, kwa koleo, mkaza mwanao akiwa hana fahamu. Pete hii haizuii yai kutoka wala haizuii damu, bali inaiongeza. Inaukera mji wa mimba, unakuwa mkali, mbegu za mume zinafia njiani, na yai nalo halipati pa kulala. Ndiyo kazi yake. Kwa mwanamke aliyeelezwa akakubali, ni dawa nzuri sana. Kwa huyu ni wizi."

Mganga akasema chuma kinaweza kutumwa na mizimu. Hapo Changfu alimgeukia mama yake. "Mama, mimi nimeshaligusa sanduku la mwanangu kwa jembe. Limelia. Sitapiga tena. Anayetaka apige yeye." Akalilaza jembe chini, akapiga magoti, akaanza kurudisha udongo kwa mikono. Yuexiu akapiga magoti upande wa pili. Hakuna aliyewasaidia na hakuna aliyewazuia.

Wiki iliyofuata Daktari alimtoa kitanzi. Akamwambia, "Sasa njia iko wazi. Unaweza kushika mimba hata mwezi huu."

Yuexiu akafikiri. "Na nikitaka kukaa kwanza? Nikae tu, bila mtu ndani yangu?"

Nadhani hilo ndilo swali alilolisubiri Daktari Ou maisha yake yote. Alimwekea vidonge vya majira kiganjani. "Hivi vinaufanya mwili udhani yai limeshatoka, kwa hiyo halitoki. Na ute wa mlangoni unakuwa mzito, mbegu hazipenyi. Siku ukiviacha, mwili unarudi kazini mwake."

"Nameza siku Changfu akirudi kutoka kibaruani?"

"Unameza kila siku, hata Changfu akiwa mwezini. Haya, nieleze wewe sasa, nisikie kama umeelewa."

Yuexiu akaeleza yote kwa maneno yake. Alivimeza mpaka alipojisikia yuko tayari, akaviacha, akapata binti, ambaye yuko humu ukumbini na amenikataza kumtaja. Tangu siku ile, katika hospitali hii, hakuna kilichoingizwa mwilini mwa mwanamke kabla hajakaa, akiwa macho, na nguo zake mwilini, akatuambia yeye mwenyewe kitafanya nini.

Lakini bado sijamaliza. Kabla ya mwaka mpya Bibi Qin alishuka peke yake, ameshika fimbo. Alikuwa ameshakatika hedhi zamani. Akasema, "Nimulikeni na mimi."

Bibi alizaa mtoto mmoja tu, Changfu. Baada ya hapo, kimya. Mumewe alikuwa na mke wa kwanza aliyekufa bila mtoto, na Bibi aliambiwa kwamba ni huyo ndiye anayemfunga. Akawa anamchomea udi kila mwezi mwandamo na kila mwezi mpevu, tangu ujana.

Tukazima taa. Mifupa yake ilikuwa imekonda, nuru inapita kama kwenye karatasi. Na pale katikati, duara. La zamani, limepinda kidogo, limemezwa na nyama.

Bibi alikuwa ameinamia kioo. Alikuwa amekwisha kuliona. Nilipotaka kuwasha taa akasema, "Acha kwanza." Tukasimama gizani, watu watatu, tukisikia mashine ikivuma. Kisha akauliza, bila hasira, "Basi yule mwanamke, miaka yote ile, hakunifanya lolote?"

"Hakukufanya lolote, Bibi," Daktari akasema.

"Nami nilimtukana kila siku."

Kukitoa kulikuwa na hatari, akakataa. Alizikwa nacho, Maping, karibu na yule mke wa kwanza, kwa ombi lake mwenyewe.

Mheshimiwa Naibu Mkuu wa Wilaya, habari hizo zilienea milimani, na wanawake hawajaacha kuja. Jana alasiri, tukipanga viti hivi, nilipita kwenye korido nikawakuta kwenye benchi, wengi wao vikongwe, wamekunja mikono juu ya matumbo, wanangoja kuulizia kama kuna kitu ndani yao ambacho hawakuambiwa. Jumatatu Daktari Ou hatakuwepo. Giza nitalitengeneza mimi, na mashine nitaibonyeza mimi. Lakini anahitajika mtu wa kusimama ubavuni mwao, awashike bega na kuwajibu. Naomba, kwa unyenyekevu, tusiondoke hapa leo kabla hujatuambia ni nani.

Daktari, pumzika vyema. Nanyi nyote mlionitegea masikio hadi mwisho, pokeeni shukrani zangu.